Kura za Gego

Jumatatu, 3 Machi

Meno manne! Mwalimu ameyaleta mwenyewe kwenye kikombe cha maziwa. Mzee wa miaka sitini na saba, amevuka mtaa mzima ameshika kikombe, maziwa yamegeuka rangi ya waridi, watu wanampisha wakidhani amelewa.

Daktari alimketisha. Mwalimu akasema ameteleza bafuni. Daktari akamwinua uso, akamwangalia huku na huku. Bafu gani hilo linalong'oa meno na mizizi yake, halafu midomo inabaki haina hata mkwaruzo? Mwalimu akafumba macho tu. Hakuna aliyeuliza tena. Daktari aliangusha koleo mara mbili. Miaka kumi na moja natengeneza meno bandia kwenye karakana chini ya kliniki yake, sijawahi kumwona anaangusha kifaa.

Kisha akamshusha kwangu nichukue chapa ya taya. Nimekoroga unga, nimejaza kisahani, nikawa namsubiri afumbue kinywa. Hakufumbua. Alinishika mkono. Maneno yalitoka nusu nusu, pamba imejaa mdomoni.

Walikuwa wawili. Mmoja mrefu kama nguzo, mwingine ana miwani na adabu nyingi — shikamoo mzee, samahani mzee, kaa hapa mzee. Waliingia asubuhi anapiga mswaki. Walitaka kura yake. Jino la kwanza alisema hapana. La pili hapana. La tatu hapana. La nne akabonyeza Ndiyo.

Nikamuuliza kama amewatajia jina langu. Hilo ndilo lilikuwa swali langu la kwanza! Si pole, si maumivu vipi. Naona aibu hata kuliandika. Alitikisa kichwa mpaka damu ikamtoka puani. Sijasema kitu, Gego.

Niandike vizuri, maana kichwani mambo yanagongana.

Bwawa si benki. Halina jengo, halina meneja, halina mtu mlangoni. Ni programu tu. Wenye pesa wanaweka, wenye shida wanakopa, anayekopa anaacha dhamana. Sheria zimo ndani ya programu yenyewe na hakuna wa kuzibadili ila kwa kura. Mwenye tokeni moja ya Bwawa, yaani sarafu yake ya kidijitali, ana kura moja. Mwenye elfu, ana kura elfu. Wasio na muda wa kusoma mapendekezo wanakabidhi kura zao kwa mjumbe: tokeni zinabaki kwao, mjumbe anapewa kura tu. Mwalimu ni mjumbe. Mimi pia. Humo naitwa Gego. Watu elfu mbili mia tatu na kumi na mmoja wamenikabidhi — mafundi cherehani, manesi, madereva — kwa sababu mwaka jana nilianza kuyaeleza mapendekezo kwa Kiswahili cha kueleweka. Sikufanya kingine cha maana.

Sasa hili pendekezo la sabini na moja. Linataka Bwawa lipokee dhamana mpya, tokeni iliyozaliwa Januari, haijulikani kaitengeneza nani na haina thamani yoyote. Walioleta pendekezo wenyewe wanayo malundo. Likipita, wataleta malundo yao ya makapi, wayaache kama dhamana, wakope kila kilichomo, wasionekane tena. Wizi mtupu — ila wizi uliopigiwa kura!

Na kwa nini wapige watu badala ya kununua kura? Kwa sababu upigaji ulipofunguliwa jana asubuhi, programu ilihesabu palepale nani ana ngapi. Ukinunua leo hazihesabiwi. Nadhani walijumlisha zao, wakaona hazitoshi. Kilichobaki ni wajumbe.

Kura ikishapigwa haifutiki. Upigaji unafungwa Ijumaa saa sita mchana.

Chapa ya Mwalimu imetoka vibaya. Ufizi ulikuwa bado unavuja.


Jumanne, 4 Machi

Ningeweza kupiga Hapana leo nikawa salama. Mtu aliyekwisha piga kura hana faida ya kupigwa. Nimelifikiria hilo tangu nilipoamka.

Lakini niliahidi. Tangu mwanzo nimewaambia walionikabidhi: nasubiri siku ya nne, nasikiliza wote, jioni yake ndiyo napiga. Ndiyo maana wananiamini. Siku ya nne ni kesho. Siku moja tu — nitashindwa kuvumilia siku moja?

Nimeandika kwenye jukwaa la Bwawa mtandaoni kueleza hatari ya dhamana ile. Majibu mazuri. Nesi mmoja ameandika: dada Gego, humo ndimo nimeweka ada ya wanangu wote wawili, usituangushe. Fundi mmoja ananiita kamanda. Nilicheka.

Sikuandika habari ya Mwalimu. Amenikataza. Wamemwambia akifungua mdomo, watarudi kuuchukua ulimi.

Mchana Daktari alishuka kuulizia meno ya mteja wa Alhamisi. Akasimama. Akageuza geuza taya la plasta mkononi. Mwishowe akauliza kama nimeshapiga kura. Nikamwambia kesho jioni, kama kawaida yangu. Akasema haya. Akapanda ngazi.

Ni yeye aliyeniingiza Bwawani miaka mitatu nyuma. Yeye mwenyewe si mjumbe. Ni mmoja wa walinzi sita. Walinzi hawapigi kura. Kazi yao ni moja: pendekezo likipita, kabla halijaanza kufanya kazi kuna siku mbili za kusubiri, na humo ndani walinzi wanne kati ya sita wakitia saini, linafutwa. Haijawahi kutokea.

Nimemwambia Kaka. Ilibidi. Kaka ana bucha mwisho wa mtaa wetu, ni mtu wa maneno machache na hasira za karibu. Alisikiliza huku anakata mbavu. Hakuelewa nusu yake. Akauliza: yaani wewe unashika mikono ya watu elfu mbili, na mtu akikushika wewe amewashika wote? Nikamwambia ndiyo. Akasema huo mpango aliupanga mjinga. Kisha akanipa kisu kidogo cha kuchunia, amekifunga kwa gazeti.

Binti yangu alikiona mezani, akanicheka. Mama umekuwa jambazi! Ana miaka kumi na tisa, anasomea unesi, amenizidi kimo. Nimekiweka kwenye droo ya vijiko.


Jumatano, 5 Machi

Nimepiga kura. Ndiyo.


Jumatano, baadaye

Nipo hospitali, kwenye benchi la nje. Binti yuko ndani anafungwa bandeji. Nimemwomba dada wa mapokezi kalamu. Nisipoandika nitapiga mayowe.

Saa saba mchana. Nilirudi nyumbani kula. Binti alikuwa sebuleni ananyoosha sare zake. Mlango sikuufunga nyuma yangu — mchana kweupe, nani hufunga? Wakaingia kama wageni. Miwani alivua viatu! Akaviweka sambamba mlangoni. Shikamoo mama.

Mrefu alimshika binti nywele, akamkunja mkono mgongoni. Nilikimbilia droo. Miwani alifika kabla yangu, akaifunga kwa nyonga yake, vidole vyangu vikiwa ndani. Nilivisikia vikilia. Akasema: Gego, tusisumbuane.

Aliniita Gego.

Nikamwambia nitapiga, nitapiga, mwacheni. Simu ilikuwa kwenye mkoba. Nilikosea namba ya siri mara mbili. Miwani alidhani napoteza muda kwa makusudi. Akainua pasi.

Sitaiandika harufu.

Mara moja tu. Mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Binti hakulia mwanzoni, alifungua mdomo tu, sauti ikachelewa. Miwani akairudisha pasi juu ya meza, akaisimamisha vizuri isiunguze kitambaa! Akanishikia simu mwenyewe kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vimevimba. Akasubiri. Nikabonyeza. Programu ikauliza: una uhakika? Inauliza kila mara. Nikabonyeza tena.

Watu elfu mbili mia tatu na kumi na mmoja. Kwa kidole gumba.

Mrefu akamwachia. Miwani akavaa viatu vyake, akafunga kamba, taratibu, kamba kwa kamba. Akasema tukimwambia mtu yeyote, wanajua chuo cha binti na basi analopanda.

Nje ya familia yetu wanaojua kwamba mimi ndiye Gego ni wawili tu. Mwalimu na Daktari.


Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nilikwenda polisi. Afisa mwenyewe si mtu mbaya, aliniletea kiti. Akauliza kura za uchaguzi gani. Nikamweleza. Akauliza ofisi za hilo Bwawa ziko wapi. Hakuna. Mkurugenzi? Hakuna. Sasa mama, akasema, hapa nimkamate nani? Nikamwonyesha vidole vyangu. Akaandika: ameumia kwenye droo.

Jukwaani wananichinja. Gego kanunuliwa. Gego kala ngapi? Mmoja ameandika atamtafuta huyo malaya mpaka ampate, atamng'oa hayo magego moja moja. Yule aliyeniita kamanda amebandika picha ya mbwa aliyenyongwa, chini yake jina langu. Yule nesi hakutukana. Ameandika tu: kwa nini dada?

Nimemjibu. Nimewajibu wote. Nimeandika kwamba kura ile si yangu, nimelazimishwa, wanangu mnisamehe. Wakacheka! Kila mwizi analazimishwa, wakasema. Ushahidi uko wapi? Nikaweka picha ya mkono wa binti, bila uso. Mtu akajibu kwamba picha za kuungua zimejaa mtandaoni.

Sina la kuwalaumu. Ningekuwa wao ningesema hivyohivyo.

Saa tisa nilikwenda kwa Mwalimu kumpelekea meno ya muda. Nilitaka pia kumuuliza tena, nimtazame machoni — ulinitaja au hukunitaja? Nilikuta viatu vingi mlangoni. Dada yake alinipokea. Tangu juzi Mwalimu alikuwa analalamika kichwa. Leo alisimama kuchukua kitabu, akasema mbona giza, akaanguka, hakuamka tena. Damu kwenye ubongo. Walimpiga na kichwani basi, hakuniambia.

Nilisimama pale na boksi la meno mkononi. Dada yake akaliona. Akaniomba wamvalishe.

Niliyaweka mwenyewe. Yalikaa vizuri kabisa.


Ijumaa, 7 Machi

Saa sita kamili imefungwa. Ndiyo imepita. Tofauti ya kura ni ndogo kuliko kura nilizozishika mimi. Maana yake ni mimi. Hata mtoto wa darasa la pili anaiona hesabu hiyo.

Sasa zimeanza siku mbili za kusubiri. Keshokutwa saa sita mchana mlango unafunguka, nao wataingia na makapi yao. Wakubwa wameanza kutoa chao tangu saa sita na dakika moja. Naona kwenye skrini, kiasi kinashuka kama mtu anayevuja damu. Wadogo hawawezi. Wengi wao waliweka akiba ya muda ili wapate faida zaidi, na akiba ya muda haitoki bila taarifa ya siku saba. Siku saba! Nesi ni mmoja wao. Mwaka jana nilimshauri mimi.

Saa kumi Kaka alikuja karakana. Shati lake lina damu, nikadhani ya bucha. Akasema si ya bucha.

Binti alimwona Mrefu. Yuko kwenye ghala la mbao nyuma ya kituo cha mabasi, anapakia magari kama mtu yeyote. Binti alimpigia mjomba wake, si mimi. Kaka alikwenda na kijana mmoja wa buchani wa kumshikia mlango, na nyundo ya mifupa. Anasema alianza na magoti kwa sababu mtu mrefu ukimwacha na magoti anakuwa mrefu tena. Alisema hivyo bila kucheka. Mkono wa kulia hautashika kitu tena.

Nilipaswa kushtuka. Nilifurahi! Naandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu. Nilimwambia asimulie tena pale pa mkono.

Kaka alimuuliza nani kawatuma. Hamjui — maagizo yanakuja kwenye simu. Miwani? Ameshasafiri. Gego mlimjuaje? Mrefu akatema damu, akasema: tuliambiwa mtu wa meno. Kisha akazimia. Wakamtupa karibu na lango la hospitali.

Kaka anasema basi, kesi imekwisha. Mtu wa meno ndiye aliyewaambia. Ni nani mtu wa meno kama si Daktari?

Binti alikuwa kwenye stuli, mkono shingoni, rangi imemtoka. Akasema: mjomba, labda waliambiwa wamtafute mtu wa meno. Yaani Mama. Ndiyo kazi yake. Au labda ni Mwalimu, si ndiye waliyemng'oa meno?

Kaka akamuuliza binti kama Mrefu alisema "na mtu wa meno" au "mtu wa meno" tu. Akamuuliza yeye, ambaye hakuwepo! Kisha akajikumbuka, akafikiri sana, akasema hakumbuki. Alikuwa anapiga.


Jumamosi, 8 Machi

Walinzi watatu wametia saini ya kufuta. Watatu! Usiku kucha nimewaandikia wote sita, nimewapa kila kitu, jina langu halisi, picha ya uso wa binti, cheti cha kifo cha Mwalimu ambacho dada yake aliniruhusu kukipiga picha. Watatu wameniamini. Wawili hawajibu; mmojawapo hajaonekana jukwaani tangu mwaka jana. Wa sita yuko juu ya kichwa changu, namsikia anavuta droo.

Nikapanda.

Alikuwa anasafisha vifaa. Nilimwambia yote, ijapokuwa yote anayajua — yeye ndiye aliyeziba ufizi wa Mwalimu! Nikamwambia inabaki saini moja. Yako. Dakika moja.

Alimaliza kufuta koleo, akaliweka. Kisha akasema mlinzi yupo kwa ajili ya kosa la programu. Si kwa ajili ya kura iliyotuudhi. Leo tukifuta hii kwa sababu tunaamini imelazimishwa, kesho tutafuta nyingine kwa sababu hatuipendi, na hapo Bwawa litakuwa la watu sita. Kura ni kura, akasema.

Nikamwambia binti yangu ameunguzwa na pasi.

Akasema anasikitika sana. Hakunitazama. Alikuwa anaipanga mikasi kwa ukubwa, na ilikuwa imeshapangwa.

Nikamuuliza: Daktari, uliwaambia mimi ni nani?

Akageuka ghafla. Macho yamemtoka. Akasema nimwombe radhi. Miaka kumi na moja! Amenipa kazi nilipoachika sina mbele wala nyuma, amenilipia binti mwaka wa kwanza wa chuo. Nimwombe radhi!

Na ni kweli yote hayo. Alilipa. Sasa nafsi mbili zinapigana ndani yangu: moja inasema mtu mwema, nyingine inasema — amepata wapi?

Nilishuka bila kuomba radhi.

Kaka amekuja jioni. Hakuuliza habari za walinzi wala saini. Aliuliza Jumapili kliniki inafunguliwa? Nikasema haifunguliwi. Akauliza nani ana funguo. Nikamwambia mimi na Daktari. Akauliza kama Daktari huja nikimwita.

Niliinuka nikafunga mlango. Kisha nikamwambia huja. Nikisema bomba limepasuka, huja.


Jumapili, 9 Machi

Saa tano kasorobo asubuhi. Naandika juu ya meza ya vifaa, kliniki, juu.

Alikuja saa tatu na nusu na ndoo na matambara, maskini, amevaa kandambili. Kaka alikuwa nyuma ya mlango.

Amekaa kwenye kiti chake mwenyewe. Tumemfunga kwa mikanda ya aproni, miguu na kifua, mkono wa kulia tumeuacha huru ili aweze kutia saini. Simu yake iko mapajani. Nilimweleza kwa upole. Nilimwambia shikamoo! Nimeisikia sauti yangu inavyosema shikamoo, nikajua nimeitoa wapi, na sikuacha.

Alikataa. Kaka akanitazama. Nikakubali kwa kichwa.

Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kaka anajua viungo, haikuchukua muda. Daktari alipiga kelele, akatutukana, akalia. Akasema mimi ni mnyama. Nikamwambia atie saini. Akasema hawezi. Nikamuuliza hawezi au hataki. Akasema hawezi.

Kidole cha pili sikukubali kwa kichwa. Lakini sikukataa pia. Kaka alisubiri kidogo, kisha akaendelea.

Hapo ndipo aliposema. Ufunguo hana. Ufunguo wa mlinzi, ule wa kutilia saini kwenye programu, ni maneno ishirini na manne, aliyaandika kwenye karatasi, akaifungia kwenye bahasha ya hati za nyumba. Mke wake alipoondoka mwaka juzi alichoma makaratasi yake yote uani. Simu ya zamani ilikufa mwezi huohuo. Tangu hapo hana ufunguo. Miaka miwili ni mlinzi wa jina tu. Nikamuuliza kwa nini hakusema ili achaguliwe mwingine. Akalia upya, safari hii si kwa vidole. Alisema alipenda kuitwa mlinzi. Watu humsalimia jukwaani. Nyumbani kwake hakuna anayemsalimia.

Na jana? Kura ni kura na maneno yale yote? Alisema ilibidi aseme kitu.

Na jina langu? Hakumwambia mtu. Hata huyo mke hakumwambia.

Nimemwamini. Kwa dakika nzima nimemwamini, nikanyoosha mkono nifungue mkanda wa kifuani. Kaka akanishika. Akasema kwa sauti ya chini: kila mtu kitini hana ufunguo. Ng'ombe nao wakifungwa wachinjwe wote wanakuwa na mimba.

Sikucheka. Lakini mkono nimeurudisha.

Maana akidanganya? Akidanganya, ufunguo uko kichwani mwake au nyumbani kwake, umbali wa dakika kumi, na saa sita watu elfu mbili — si wangu tu, wote — wanabaki na mifuko mitupu, nesi na wanawe wawili, kwa sababu nilimwonea huruma mtu aliyemuuza binti yangu. Na asipodanganya? Asipodanganya, tunavunja mikono ya daktari wa meno bure. Mikono hiyo! Nimekaa chini yake miaka kumi na moja.

Nimechungulia jukwaa. Bado saini tatu. Mtu ameandika: walinzi wako wapi? Wa nne yuko wapi? Mamia wanauliza hilohilo.

Saa tano na dakika tano. Daktari ameacha kulia. Anahesabu pumzi, nadhani, midomo inakwenda. Ameomba sindano ya ganzi. Najua ilipo. Kaka anasema akipigwa ganzi atakuwa hana sababu ya kukumbuka.

Kaka ameuliza: wewe ndiye unayeyajua haya mambo yenu. Niache au niendelee?

Barabarani watu wanapita, nawasikia hatua zao kabisa, mwanamke anamwita mtu amsubiri. Kama nawasikia, nao wanatusikia.

Nimeinuka. Nimefunga madirisha mawili. La tatu linakwama, inabidi Kaka aje alisukume kwa bega —